Île-de-France: Mkoa Unaoitwa Paris

Wengi wanaojitambulisha kuwa watu wa Paris hawaishi Paris. Jiji lenyewe, lenye tarafa 20, lina kilomita za mraba 105 tu na wakazi milioni 2 na ushei, ilhali mkoa wa Île-de-France unaolizunguka una watu zaidi ya milioni 12 katika kilomita za mraba zipatazo 12,000.

Mkoa huo una wilaya nane. Paris imezungukwa na Hauts-de-Seine, Seine-Saint-Denis na Val-de-Marne, na nje ya hizo zimetanda Yvelines, Essonne, Val-d'Oise na Seine-et-Marne. Hii ya mwisho peke yake huchukua karibu nusu ya mkoa, na sehemu kubwa yake ni mashamba ya nafaka ya uwanda wa Brie na msitu wa Fontainebleau, jambo linalowashangaza wanaodhani kuwa mkoa wa mji mkuu ni zege tupu.

Mgawanyo huu si wa kale. Sheria ya Julai 1964, iliyokamilika kutekelezwa mwaka 1968, ilizivunja wilaya za Seine na Seine-et-Oise. Kila wilaya ya Ufaransa hupewa namba yake rasmi; wilaya mpya zilihitaji namba, na namba 91, 92 na 93, zilizokuwa za Alger, Oran na Constantine, wilaya za Algeria ilipokuwa chini ya Ufaransa, zilikuwa wazi tangu Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962. Kwangu mimi, hapo ndipo historia ya mkoa huu inapojitokeza waziwazi: vijana wa Seine-Saint-Denis, wakiwemo wajukuu wa Waalgeria, leo hujitambulisha kwa fahari kwa namba 93.

Utawala ndio wenye utata. Halmashauri ya mkoa, yenye wajumbe 209, hushughulikia usafiri wa umma na majengo ya shule za sekondari za juu. Kando yake yupo prefe, anayeteuliwa na serikali kuu kama mkuu wa mkoa wa Tanzania. Chini yao kuna manispaa zaidi ya 1,200, kila moja na meya wake, ingawa Paris yenyewe, ambayo serikali iliiogopa tangu maasi ya 1871, haikuruhusiwa kuwa na meya hadi mwaka 1977. Mwaka 2016 ikaongezwa Métropole du Grand Paris, muungano wa Paris na manispaa za jirani, bila ngazi yoyote kufutwa. Naona kasoro yake kubwa ni mpaka: karibu wote unaishia kwenye wilaya zinazopakana na jiji, ukiiacha nje miji kama Cergy na Évry, ambayo wakazi wake wengi hupanda treni kila asubuhi kwenda kufanya kazi ndani ya mpaka huo.