Meli Ikitia Nanga Malindi, Unguja: Ziara ya Meli au ya Kujitafutia?

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye ni muuguzi huko Toronto, aliniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Meli yetu itafika Unguja alfajiri na kuondoka jioni. Wanatuuzia ziara ya Nungwi, ila wenzangu wanasema tukishuka tutapata gari kwa bei nafuu zaidi. Tufanyeje?" Nilimjibu kwa maneno matatu, "Nunueni ya meli," kisha usiku nikajilaumu, kwa sababu jibu hilo lilikuwa la kweli kwa Nungwi tu, mbali kule kaskazini mwa kisiwa, na yeye hakuwa ameamua bado kama anakwenda Nungwi.

Nimetembeza wageni katika kisiwa hiki kwa miaka kumi na minne, nusu yake nikiwa chini ya wakala anayepokea abiria wa meli za kitalii, na nusu nikijitegemea na kutafuta wateja mwenyewe. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za mlango, na jambo la kwanza ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba meli haina mabasi yake hapa wala haina waongozaji wake. Kampuni ya meli huuza tiketi, huikabidhi kazi kwa wakala wa nchi kavu, naye wakala hukodi magari na watu kwa siku. Nimewahi kukaa Jumanne ndani ya gari lenye karatasi ya namba ya kundi kwenye kioo cha mbele, na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nikakaa ndani ya gari lile lile, na dereva yule yule, karatasi ikiwa imebanduliwa. Shamba la viungo tulilokwenda lilikuwa moja, na kijana aliyepanda mnazi huku akiimba alikuwa mmoja pia.

Kama gari ni moja na shamba ni moja, ile fedha ya ziada inalipia nini? Inalipia muda. Kundi lililonunua ziara ya meli likichelewa njiani, kwa kawaida meli hulisubiri, na ikishindikana kusubiri, kampuni hubeba gharama ya kuwafikisha abiria wake bandari inayofuata. Aliyejitafutia gari hana ahadi hiyo. Machi 2024, katika kisiwa cha São Tomé, abiria wanane waliokuwa wametoka na ziara ya kujitafutia walichelewa kurudi na meli ikaondoka bila wao. Walijaribu kuiwahi Gambia, lakini meli ikashindwa kuingia bandarini huko kwa sababu ya hali ya hewa na maji kupwa, ikawabidi waifuate hadi Senegal kwa gharama na misukosuko ambayo hakuna aliyeipanga kwenye likizo yake. Tangu siku ile kila mgeni wa meli ninayemchukua mwenyewe humwuliza kabla ya safari kama amebeba nakala ya pasi, kadi ya benki, na namba ya simu ya wakala wa bandari, ambayo huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba inayowekwa chumbani kila jioni. Wengi huwa wameiacha karatasi hiyo kitandani.

Muda wenyewe una mitego yake. Meli inayotoka Shelisheli kuja Unguja inaweza kuamua kutobadilisha saa zake, na Shelisheli iko mbele yetu kwa saa moja. Simu ya abiria, ikishika mtandao wa hapa, hujirekebisha yenyewe bila kumwambia mtu. Akiamini simu, atafika bandarini akidhani ana saa nzima ya kununua vinyago, kumbe ngazi inapandishwa. Kwa sisi wenye Kiswahili kuna mtego mwingine, na huu huwanasa zaidi watoto wetu waliokulia ng'ambo. Kuna familia moja, asili yao ni hapa hapa, waliokuja kwa meli na kumkodi dereva wa Mwera. Binti mkubwa, ambaye Kiswahili chake ni cha nyumbani Uingereza, alimwambia dereva kwa heshima zote, "Kaka, tunatakiwa bandarini saa nne." Alikuwa akifikiria ile nne iliyoandikwa kwenye karatasi ya meli. Dereva akasikia saa nne ya usiku, akaona ana siku nzima mbele yake, akaagiza pweza wa nazi na kunyoosha miguu. Bahati ilikuwa kwamba bibi wa familia aliuliza kwa nini jua bado liko juu na watu wanaongelea usiku. Walifika wakikimbia, viatu mkononi.

Sasa nirudi kwenye jibu ambalo ningepaswa kumpa mpwa wangu. Mtu anayetaka kuuona Mji Mkongwe hana sababu ya kununua ziara ya meli. Meli ikifunga gati Malindi, mji uko nje ya geti. Unatembea ukiifuata bahari, ukiwa na maji upande wako wa kulia, na baada ya muda mfupi unakutana na Beit el-Ajaib, jumba la kale la masultani ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na Ngome Kongwe iko jirani yake, na bustani ya Forodhani iko mbele yake. Ukiingia ndani ya vichochoro utapotea, na kupotea humo hakuna hatari, maana kila kichochoro mwishowe hukutoa ama baharini ama Darajani sokoni. Mkunazini kuna kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili, naye amezikwa nyuma ya madhabahu. Mahali hapo panataka mtu akae kimya kwa muda anaoutaka yeye, na kundi la watu thelathini na watano wanaofuata kibao chenye namba haliwezi kupewa nafasi hiyo. Nimewahi kumhurumia mama mmoja aliyekuwa analia kwenye vile vyumba vya chini ya ardhi huku mimi mwenyewe nikimwonyesha saa yangu, kwa sababu basi la pili lilikuwa linasubiri tutoke.

Kinachobadilisha hesabu ni umbali. Msitu wa Jozani, wanakoishi kima punju wasiopatikana porini kokote nje ya Zanzibar, uko kilomita zipatazo 35 kutoka mjini, na barabara yake ni nzuri. Hapo mtu anaweza kuchagua lolote, mradi anatoka mapema. Nungwi ni karibu kilomita 60, na huko ndiko nilikojifunza kuogopa. Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua wazee wawili kutoka Ujerumani, mume na mke, nikawatoa Kendwa, jirani na Nungwi, saa nane mchana, nao walitakiwa wawe ndani ya meli saa kumi. Kabla hatujafika Kinyasini tairi la nyuma likapasuka. Tairi la akiba lilikuwepo, lakini dereva alikuwa ameazimisha jeki kwa shemeji yake tangu juzi na hakuwa amesema neno. Tulisimama barabarani hadi lori la mchanga likapita na utingo wake akashuka na jeki iliyojaa grisi. Yule bibi aligawa biskuti kwa watoto waliokuja kutazama. Mumewe hakusema chochote. Alishika ile kadi ya meli kwa vidole viwili na kuipangusa kwenye suruali, akaitazama, akaipangusa tena. Tulipofika Bububu magari yalikuwa yamesimama. Tuliingia getini saa kumi kasoro dakika tano, na mabaharia walikuwa wamekwisha kushika kamba za ngazi. Nilirudishiwa shukrani na bakshishi nono, nami sikulala vizuri siku tatu. Tangu hapo simchukui abiria wa meli kwenda kaskazini bila magari mawili, au bila kumwambia kwamba tutaondoka huko muda wa saa tatu nzima kabla ya mwisho wa kupanda, hata kama yuko katikati ya chakula.

Hata hivyo nisieleweke kwamba ziara ya meli ikienda mbali ndiyo bora wakati wote. Kuna bahari, na bahari haisomi ratiba. Tiketi ya "siku ya pwani" huwa imechapishwa miezi mingi kabla, na aliyeichapisha hakutazama mwezi. Nilipokuwa kwa wakala nilipeleka kundi Paje, pwani ya mashariki, siku ya bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tukafika maji yamekupwa, bahari imekwenda mbali hadi inaonekana kama uzi mweupe kwenye upeo, na kilichobaki mbele yetu ni mchanga, madimbwi, na akina mama wakikagua mwani kwenye mistari yao ya vigingi. Mimi naona mandhari hayo yanapendeza kuliko bahari iliyojaa. Wageni waliokuwa wamevaa nguo za kuogelea hawakuona hivyo, na fomu za malalamiko zilijaa jina langu. Dereva wa kujitegemea angewaambia asubuhi kwamba leo mashariki hakuna maji hadi alasiri, tuelekee Kendwa, ambako maji hayakimbii hivyo, au tuachane na pwani twende kisiwa cha Changuu kutazama wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Anayejitafutia, basi, aulize jambo hili kabla ya bei: siku hiyo ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, na maji yanajaa saa ngapi. Mtu asiyeweza kukujibu hapo hapo, ama kumpigia mvuvi akakupatia jibu, hakustahili kukutembeza.

Kuhusu mapapasi, yaani wale wanaojitolea kutembeza wageni bila kibali, wanaosubiri nje ya geti sitasema mengi, kwa kuwa yamesemwa sana, na baadhi yao ni vijana wazuri waliokosa kazi. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, nacho hutakiwa akivae na si akitafute mfukoni. Patana naye bei nzima kwa maandishi kwenye simu, pamoja na viingilio, mafuta na muda wa kusubiri, na sehemu kubwa ya malipo ibaki mkononi mwako hadi utakapoliona geti tena. Dereva mwenye fedha yake yote tangu asubuhi hana haraka ya kurudi. Iwapo meli haikufunga gati na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, kumbuka pia kwamba walionunua ziara za meli hushushwa kwanza, na wewe uliyepatana na dereva akungoje saa mbili asubuhi unaweza kumkuta amekasirika saa nne.

Linabaki suala la fedha, na hapa nakiri kwamba nina kinyongo. Wakala niliyemfanyia kazi alinilipa kwa siku nzima kiasi kisichofikia bei ya tiketi moja ya watu wale thelathini na watano niliokuwa nimewabeba. Sisemi aliiba, kampuni ilichukua sehemu yake, yeye akachukua yake, mwenye gari yake, na mwisho wa mnyororo kulikuwa na mimi na kijana wa mnazi. Mzee wa shamba aliyepasua kungumanga na kuwaonyesha ile basibasi nyekundu iliyoizunguka mbegu kama wavu aliishi kwa bakshishi tu. Anayejitafutia hulipa kidogo, na bado kidogo hicho hufika kwa watu wengi zaidi. Nalisema hili nikijua kwamba siku hizi mimi ndiye ninayenufaika nalo, basi mnipunguzie hapo mnapoona nimezidisha.

Mpwa wangu na wenzake walikuja wiki mbili zilizopita. Wawili walinunua ziara ya meli kwenda Nungwi, kama nilivyosema, wakarudi wameungua mabega na wameridhika. Yeye na wengine wawili walibaki nami mjini. Tulikwenda Mkunazini kukiwa bado kimya, tukapita Darajani, nikamnunulia karafuu ambazo alizinusa njia nzima kama mtoto, tukala urojo tumesimama, na kabla ya saa tisa alasiri tulikuwa tumekaa Forodhani tunaitazama meli yake ikiwa pale pale, hatua chache kutoka tulipo. Hakuna aliyetazama saa.

Juzi akaniandikia tena, safari hii kutoka baharini: "Mjomba, kesho Mombasa. Tunaweza kutembea wenyewe hadi Fort Jesus?" Nikamwuliza meli inafunga wapi. Akajibu, Kilindini. Nikamwambia Fort Jesus iko upande wa pili wa kisiwa, wachukue tuktuk, wapatane kwenda na kurudi, na atakapomwambia dereva muda wa kurudi, aseme saa kumi.