Modi za Euro Truck Simulator 2: zinakokaa, zinavyopotea, na namna ya kuziwekea akiba

Laptopu ikipelekwa kwa fundi kupigwa windo, fundi huuliza jambo moja tu: "Una vitu vya maana C?" Wengi hutaja picha na vyeti. Folda ya modi za Euro Truck Simulator 2 (ETS2), yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji kwa gemu hilo la kuendesha malori, haitajwi, ingawa iko kwenye diski hiyo hiyo ya C ndani ya Documents, hata kama gemu lenyewe lilisakinishwa D. Windows mpya ikishawekwa, Steam, duka la gemu la mtandaoni, inakurudishia gemu na DLC (nyongeza rasmi) ulizonunua, na mambo yanaonekana yako sawa mpaka ufungue karakana. Basi la Yutong lenye rangi za kampuni ya kwetu, sauti ya injini, honi, ramani ya ziada: hivyo vyote ulivitoa kwenye kikundi cha WhatsApp au Telegram, na Steam haivijui.

Kwenye Windows, vitu vyako viko sehemu tatu, na nyingi ya akiba ninazoziona watu wakizifanya zinashika moja tu.

Ya kwanza ni Documents\Euro Truck Simulator 2. Humo kuna folda ya mod yenye mafaili ya .scs na .zip, folda ya profiles yenye kampuni yako, pesa na safari ulizosevu, na faili la config.cfg lenye mipangilio. Ya pili inamhusu aliyewasha Steam Cloud (hifadhi ya Steam ya mtandaoni) kwenye profaili yake: profaili hiyo haikai tena kwenye profiles, inakaa Steam\userdata, ndani ya folda ya namba ya akaunti yako, kisha 227300\remote\profiles. Ya tatu ni steamapps\workshop\content\227300, ambako kila modi ya Workshop (sehemu ya Steam ya kushushia modi) ina folda yake yenye jina la namba tupu. Hiyo 227300 ni namba ya ETS2 pale Steam. Kwa American Truck Simulator weka 270880.

Usishtuke ukifungua profiles ukakuta majina yasiyosomeka. Gemu huandika jina la profaili kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), herufi moja kwa tarakimu mbili. Profaili ya "Juma" utaikuta imeandikwa 4A756D61. Mtu asiyelijua hili hufuta folda akidhani ni takataka za mfumo.

Steam Cloud inabeba profaili, haibebi folda ya mod. Ile huduma ya Steam ya kutengeneza nakala ya gemu nayo inabeba gemu lililosakinishwa, haigusi Documents. OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kwenye Windows 11 mara nyingi Documents huwa imehamia ndani yake bila mwenye laptopu kujua, na njia halisi inakuwa C:\Users\Juma\OneDrive\Documents. Nafasi ya bure ni GB 5. Ramani moja kubwa kama ProMods inaweza kuijaza na usawazishaji ukasimama hapo hapo. Na hata kama ungekuwa na nafasi ya kutosha, usawazishaji si akiba: ukifuta faili hapa linafutika na kule, na kwa akaunti ya kawaida pipa la taka la OneDrive linalishikilia siku 30 tu. Kuna pia hali ambapo faili linabaki mtandaoni na kwenye diski linaachwa jina lake tu, likiwa na alama ya wingu. Folda inaonekana imejaa, unainakili kwenye eksteno (diski ya nje) huku bando limeisha, na mafaili yanagoma kunakilika. Kabla ya kunakili, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", kisha subiri alama zote zigeuke kuwa tiki ya kijani.

Kwa modi, kuwa na mafaili peke yake hakutoshi. Unahitaji vitu vitatu pamoja nayo: jina kamili la faili, mpangilio wa modi, na toleo la gemu.

Tuanze na jina. Profaili huitambua modi ya kawaida kwa jina la faili lake. Ukishusha tena basi lile lile, na kivinjari kikaona lipo tayari, kitaliita yutong_f12(1).scs. Kwa gemu hiyo ni modi nyingine kabisa. Ile ya zamani itahesabiwa imepotea na itaandikwa kwa rangi ya onyo kwenye orodha. Ndiyo maana tabia ya kubadilisha majina ya mafaili "ili yapangike vizuri" inaharibu zaidi ya inavyosaidia. Ukitaka mpangilio, panga kwa folda ndogo kwenye diski ya akiba, majina yaache kama mwandishi wa modi alivyoyaweka.

Mpangilio: kwenye Mod Manager, sehemu ya gemu ya kuwasha na kupanga modi, modi iliyo juu inaishinda iliyo chini. Modi mbili zikigusa faili moja la ndani, mathalani ramani na modi ya barabara, ya juu ndiyo itakayosomwa. Mwenye modi tatu hatajali. Mwenye modi sitini ameupata mpangilio wake kwa kujaribu na kukwama, na ukipotea ataanza upya. Orodha hiyo imo ndani ya profile.sii, lakini kwa kawaida faili hilo limefungwa, ukilifungua na Notepad unaona vurugu. Fungua config.cfg, tafuta mstari huu, na ubadilishe namba iwe 2:

uset g_save_format "2"

Ingia kwenye gemu, fungua profaili, sevu, toka. Sasa profile.sii inasomeka, na mistari inayoanza na active_mods ndiyo orodha yako. Modi ya Workshop inaonekana kama mod_workshop_package ikifuatiwa na namba ndefu. Hiyo ni namba ya Workshop kwa heksadesimali. Igeuze kuwa desimali kwa kikokotoo cha Windows kikiwa kwenye "Programmer" na utapata ukurasa wa modi yenyewe. Pamoja na hayo, piga picha ya skrini ya Mod Manager kila unapobadilisha mpangilio. Picha ya KB mia chache huokoa jioni nzima.

Kuhusu toleo: ETS2 ilitoka mwaka 2012 na bado inasasishwa, na karibu kila sasisho kubwa huacha modi fulani nyuma. Modi nyingi zina faili la manifest.sii linalotaja matoleo zinayoyakubali. Steam inakuruhusu kubaki nyuma: bofya gemu kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Betas", na uchague tawi la zamani lenye jina kama temporary_1_49. Kwa hiyo folda ya akiba iandike kwa toleo na tarehe pamoja, mfano ETS2_1.49_2024-03. "Akiba mpya" na "Akiba mpya kabisa" hazitakuambia kitu mwakani.

Modi za Workshop watu huzichukulia kuwa ziko salama. Mwandishi akiiondoa modi yake huwezi kuishusha tena, na ukijiondoa kwenye usajili Steam inafuta mafaili kwenye diski yako. Kwa hiyo folda ya 227300 nayo inakiliwe. Ndani ya kila folda ya namba utakuta versions.sii inayoonyesha ni kifurushi kipi kinatumika kwa toleo lipi. Kifurushi hicho unaweza kukiweka kwenye folda ya mod kama modi ya kawaida, ila profaili itaiona ni mpya, kwa hiyo uiwashe tena na kuipandisha mahali pake pa zamani.

Sasa kunakili. Kukokota kwa mouse ni sawa kwa GB mbili. Zikiwa GB 60 na umeme wa mtaani, tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili inayoandikwa kwenye Command Prompt, kwa sababu ikikatika katikati unairudia na inaruka zilizokwisha kunakiliwa:

robocopy "C:\Users\Juma\Documents\Euro Truck Simulator 2" "E:\Akiba\ETS2_1.49_2024-03" /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\Akiba\ets2.txt

/E inachukua folda zote za ndani, hata tupu. /R:1 na /W:1 ni muhimu: bila hizo robocopy ikikutana na faili linalogoma hurudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na wewe utadhani kompyuta imekufa. Mtandaoni utaona wengi wanashauri /MIR. Hiyo hufuta upande wa akiba chochote ambacho hakipo upande wa kwanza. Siku folda ya mod ikiwa tupu kwa bahati mbaya, /MIR itaifanya akiba nayo iwe tupu, kwa uaminifu kabisa.

Diski ya kunakilia ndiyo watu wanakobana pesa. Sehemu ya D kwenye diski ile ile inakukinga na windo mpya tu; diski ikifa, C na D zinakwenda pamoja. Fleshi si mahali pa kuhifadhi miaka, na za bei ya kutupa huwa zimeandikwa GB 512 kumbe ndani zina 32. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, na siku ya kuyafungua hayafunguki. Zipime kwa H2testw kabla ya kuziamini: inaijaza fleshi mafaili ya majaribio kisha inayasoma kuona kama yamerudi yalivyo. Fleshi ikiwa na mfumo wa mafaili wa FAT32 haitapokea faili la kufikia GB 4. Ifomati exFAT, au kwa eksteno inayotumika na Windows tu, NTFS, kwa kuwa NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko na inavumilia umeme kukatika katikati ya kuandika. ExFAT haina kinga hiyo. Kwa pesa ya kawaida, eksteno ya kizamani ya TB 1, ile yenye sahani inayozunguka, inatosha. Ikishanakiliwa ichomoe. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa hufunga na kilichochomekwa.

Nakala ya pili iwe nje ya nyumba. Google Drive inatoa GB 15 bure, lakini ni zile zile zinazotumiwa na Gmail na picha, kwa hiyo usipeleke kila kitu. Weka profaili, config.cfg, picha ya mpangilio, na modi zile ambazo viungo vyake vimekufa. ProMods inaweza kusubiri, itashushwa tena, mradi uwe na bando la kutosha na vipande vyote vya .7z vitimie, kikikosekana kimoja hakuna kinachofunguka. "Saved Messages" ya Telegram nayo inasaidia, faili moja hadi GB 2, ila akaunti imefungwa kwenye laini ya simu, na laini hupotea. Ukifunga modi kwenye kifurushi cha 7-Zip chagua "Store", kwani .scs nyingi zimeshabanwa tayari na utapoteza muda kwa faida ya asilimia chache.

Kama tayari zimeshafutika, acha kuitumia diski hiyo mara moja, usisakinishe hata programu ya kuokolea juu yake. Kwenye diski ya sahani, Recuva huenda ikarudisha mafaili na majina yake. Kwenye SSD matumaini ni madogo sana: Windows huiambia diski nafasi ipi imeachwa, na diski huifuta yenyewe. PhotoRec, programu nyingine ya kuokolea, hutafuta kwa alama ya mwanzo wa faili, kwa hiyo modi zilizo .zip kwa ndani huenda zikarudi zikiwa na majina ya namba. Ukipata faili usilolijua, lifungue na kihariri cha heksi: likianza na PK ni zip, ligeuze jina lirudi lile lililomo kwenye active_mods, likianza na SCS# ni kifurushi cha SCS chenyewe.

Wakati huo usifungue profaili yako ya zamani bila modi zake. Gemu litakuonya kwa orodha ya zilizokosekana, na ukikubali kuendelea, lori au basi la modi litaondolewa na karakana za miji isiyokuwepo tena zitatoweka. Likijisevu lenyewe baada ya hapo, hata ukizipata modi kesho hazitakuta pa kurudi. Nakili folda ya profaili pembeni kwanza.

Kuipima akiba bila kugusa unachochezea sasa, tumia -homedir. Weka nakala kwenye D:\Jaribio\Euro Truck Simulator 2, kisha kwenye Steam, "Launch Options", andika -homedir "D:\Jaribio". Gemu litasoma folda hiyo badala ya Documents. Hakikisha profaili unayoijaribu haiko Steam Cloud, ingia Mod Manager, linganisha na ile picha ya skrini kutoka juu hadi chini, kisha endesha hadi mji wa pili. Kuna modi zinazokubali kuwashwa na kuangusha gemu pale tu basi linapotokea barabarani. Likianguka, fungua game.log.txt kabla ya kuwasha gemu tena, maana likiwashwa linaandikwa upya. Mistari ya mwisho mara nyingi inataja faili lililoshindikana.