Siku Moja na Skimbodi: Kutoka Watamu Hadi Mambrui Kutafuta Mchanga Mgumu

Saa 11:30 alfajiri

Kabla sijashika simu natoka nje kutazama mwezi. Leo ni mwezi kumi na sita, bado uko juu upande wa magharibi, mkubwa, na hiyo ina maana tumo ndani ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa kuliko kawaida. Aliyekulia Malindi hapo ameshajua mengine yote. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa mnamo saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 40 hadi 50 hivi. Zikifika siku za maji mafu, ambapo kujaa na kukupwa hutofautiana kidogo, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, na anayetaka kuteleza kwenye mchanga mpana asubuhi hana lake.

Jedwali la maji kwenye simu linakubaliana na mwezi. Leo yatakupwa kabisa saa nne na dakika arobaini na tano.

Mimi ni fundi seremala. Vitanda na makabati ndiyo yanayolipa kodi, lakini natengeneza pia skimbodi, ule ubao mwembamba usio na mapezi ambao unautupa juu ya maji ya kina cha vidole viwili, unaukimbilia, unaupanda na kuteleza nao. Siku za likizo nafunza vijana. Jumamosi hii kuna mwalimu analeta kundi lake kutoka Nairobi, na amenituma nimchagulie ufuo. Yeye ameshaupendelea Watamu, kwa sababu ya picha. Nimemwambia anipe Alhamisi nzima nizunguke.

Saa 12:30 asubuhi

Mahamri mawili, mbaazi, chai ya rangi. Karakana iko nyuma ya nyumba, kwa hiyo kabla ya safari napitia mbao nilizogandisha juzi. Marine plywood ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinne vya urefu wa mita moja hivi. Kwa kila ubao natumia tabaka mbili nyembamba, gundi isiyoogopa maji katikati, nazibana juu ya kalibu iliyopinda kidogo ili pua ya ubao iinuke. Pua ikilala, ubao unachimba mchanga na wewe unaruka mbele peke yako. Halafu ni msasa na vanishi, tabaka juu ya tabaka, hasa kwenye kingo, maana maji ya chumvi huingilia ukingoni na plywood huanza kufumuka kama mkate.

Namwamsha mdogo wangu. Tunafunga mbao mbili ubavuni mwa pikipiki na kushika njia ya Gede.

Saa 1:45 asubuhi, Watamu

Watamu ni pazuri, sibishi. Mchanga mweupe laini, vile visiwa vya mawe vilivyoliwa na maji chini vikabaki na vichwa vipana, maji ya rangi ambayo ukipiga picha watu wanadhani umeikoroga kwa programu. Lakini mimi sikuja kupiga picha.

Ufuo naupima kwa kisigino. Ukisimama kwenye mchanga uliotoka kuachwa na maji, kandamiza. Mchanga mzuri hukauka ghafla kuzunguka mguu: ile duara hafifu inayong'aa inapotea, panakuwa peupe, kisha ukiinua mguu maji yanarudi. Hiyo ni dalili kwamba chembe zimeshikana vizuri, na ukizikandamiza zinasukumana, zinafungua nafasi katikati yao na maji yanavutwa ndani. Hapo ubao utapita. Mguu ukizama hadi kifundo, mchanga ni wa kulegea, tafuta kwingine.

Hapa juu ya ufuo kisigino changu kinazama. Chini kidogo ni afadhali, ila kuna jambo jingine: tuko Agosti, upepo wa kusi umeleta mwani wa kutosha kutandikia chumba. Mwani mbichi chini ya ubao unashika kama breki. Upande wa hoteli wanaukusanya kwa reki kila asubuhi, na kila baada ya maji kujaa unarudi. Sioni sababu ya kuulalamikia; bahari ndivyo inavyojisafisha, na huo mwani unasaidia kushikilia mchanga usichukuliwe. Ila si wa kutelezea.

Tena hapa kasa hutaga, juu ya mstari wa mwani. Kundi la vijana wakikimbia huko na mbao ni matata, na watu wa uhifadhi wana haki ya kukasirika.

Mdogo wangu anateleza mara kadhaa kwenye kipande kilicho wazi. Anapata hatua nane, kumi, anasimama. Nayaandika kwenye daftari, twende.

Saa 3:10 asubuhi, Mayungu

Tunarudi kwa njia ya pwani. Mayungu maji yakikupwa hivi, baharini hujitokeza kile kisiwa cha mchanga ambacho waongoza watalii wamekipa jina la Sardegna Due, kwa ajili ya Waitaliano. Mchanga wake ni mgumu, maji juu yake ni ya kifundo cha mguu, na kwa mtu mmoja anayejua kuogelea hakuna raha inayoshinda hiyo. Lakini ni kwa mashua. Maji ya bamvua yanaporudi hayabembelezi. Tofauti ya kujaa na kukupwa hupita mita 3, na kisiwa kinafunikwa huku bado unatafuta kandambili. Vijana wa bara ambao nusu yao hawajui kuogelea siwapeleki pale.

Namsalimia nahodha mmoja anayepakia wageni. "Leo hamtaki kwenda?" Namwambia leo nina kazi. Anacheka, anautazama ubao. "Hiyo ndiyo kazi?"

Saa 4:15 asubuhi, ghuba ya Malindi

Nilijua tangu jana kwamba tutaishia hapa, lakini mtu anayelipwa kuchagua lazima aonyeshe amechagua.

Ukipita gati na mji ukaelekea kaskazini, ufuo unafunguka. Ni mpana kiasi kwamba hoteli zilizojengwa zamani zikitazama bahari sasa mgeni wake anavuka matuta na tambarare ndefu ya mchanga ndipo aloweshe mguu. Huo mchanga umeletwa na Sabaki. Mto unaanza kwa jina la Athi huko upande wa Nairobi, ukishakutana na Tsavo unaitwa Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki, umebeba udongo wa mashamba ya Ukambani na kwingine kote ulikopita. Matumbawe hayavumilii matope, kwa hiyo mbele ya ghuba mwamba umekatika, na mawimbi ambayo Watamu na Diani yanavunjikia mbali, hapa kwetu yanafika mpaka pwani. Miezi ya kaskazi matope husukumwa kusini kuja mjini na maji yanakuwa ya rangi ya chai. Wageni wananuna, wenye hoteli wananuna.

Mimi sinuni. Mchanga huu, laini na mzito, ukiachwa na maji unakuwa sakafu. Na kwa sababu mteremko ni mdogo sana, kila wimbi linapanda mbali, linasimama, na linaporudi linaacha utando wa maji mwembamba unaodumu muda wa kutosha mtu kutupa ubao, kukimbia na kupanda. Hicho ndicho kitu kizima cha mchezo huu. Sijali rangi ya maji ambayo hayafiki hata kwenye goti.

Kisigino: panakauka peupe, mguu hauzami. Napitisha kiganja kuangalia mikunjo ya mchanga, ile mistari inayoachwa na mkondo. Ikiwa mikubwa ubao unatetemeka hadi meno yanagongana. Karibu na maji ipo. Hatua thelathini juu yake pamesawazika kabisa.

Likizo imejaza watoto. Msichana mmoja, nadhani wa darasa la sita, ana kipande cha mlango wa kabati alichokizungusha kona mwenyewe. Namwangalia. Anasubiri wimbi limalize kupanda, hana haraka. Linapoanza kurudi anautupa ubao chini chini, karibu kuutelezesha, wala hauinui juu ya goti, na tayari anakimbia kabla haujatua. Hauruki, anaukanyaga tu akiwa katika mwendo, mguu katikati, wa pili unafuata, magoti yamekunjika. Watu wazima ninaowafunza huchukua wiki kuacha kuruka. Anakwenda mbali, maji yanachanika pande zote mbili, mpaka ubao unagusa mchanga mkavu na yeye anashuka akitembea.

"Nani amekufunza?"

"Hakuna."

Nampa ubao wangu ajaribu. Hataki kuurudisha, na mdogo wangu analazimika kumbembeleza.

Mzee mmoja mvuvi anapita na wavu begani. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Huko chini kwenye madimbwi kuna samaki taa, wamejifukia mchangani. Waambie hao watoto waburute miguu, wasikanyage kwa kishindo." Ni kweli, na ni jambo ambalo hakuna jedwali la maji litakalokwambia. Taa akihisi mguu unakuja kwa kuburuta huondoka mwenyewe. Ukimkanyaga mgongoni, mwiba wa mkiani utakupeleka hospitali. Naandika kwenye daftari: kabla ya kuanza, tupite kwanza kwenye kila dimbwi kwa kuburuta miguu.

Tunabaki hapo mpaka saa sita na nusu. Maji yanapogeuka na kuanza kupanda, eneo zuri linasogea juu pamoja nayo, lakini huko juu mchanga ni mkavu na umelegea. Mtu ana masaa mawili, matatu hivi kuzunguka kukupwa, basi.

Saa 7:30 mchana

Sima na samaki wa kukaanga. Usingizi wa nusu saa kwenye kibaraza cha shemeji.

Saa 9:00 alasiri, Mambrui

Tunavuka daraja la Sabaki. Kuna watu wanaodhani mdomo wa mto ndio mahali pa kuteleza, kwa sababu ukiutazama kutoka juu unaona mikeka ya mchanga na maji ya kina kifupi kila upande. Mimi naupita bila kusimama. Kuna viboko, kuna mamba, na mkondo wa mto ukikutana na maji yanayojaa hubadilisha sakafu ndani ya siku moja. Waachieni ndege na wale wanaokuja na darubini kuwatazama.

Mambrui yenyewe ina mchanga wenye chembe zinazometameta kama dhahabu, na upepo wa kusi alasiri unavuma kweli kweli. Watu wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara juu ya maji, wanaufuata huko kaskazini na wana sababu. Kwa ubao mwembamba ni tabu: unautupa, upepo unaingia chini yake, unapinduka kabla hujaufikia. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, ningerudi. Kwa saa hii, hapana.

Saa 10:40 jioni, Silversands

Kituo cha mwisho ni kusini ya mnara wa Vasco da Gama, maji yakikaribia kujaa. Hapa ni mchezo mwingine. Wimbi linafika karibu na mchanga wa juu wenye mteremko mkali, linajikunja na kupiga hapo hapo. Huu ndio mtindo wa kule mchezo ulikoanzia, Laguna Beach, California, ambako katika miaka ya 1920 walinzi wa ufuo walianza kutelezea mbao. Kule ufuo una mteremko mkali, kwa hiyo wanakimbia kuelekea baharini, wanateleza mpaka kwenye wimbi, wanageuka nalo na kurudi. Mbao zao za leo ni za povu na faiba, nene kuliko zangu, ili zielee zinapokutana na wimbi. Plywood yangu hapa inazama mtu akiipanda.

Mdogo wangu anajaribu hata hivyo. Anageuka nusu, wimbi linamvunjikia mgongoni, anatoka akicheka na mchanga masikioni. Nahesabu mawe yanayochungulia pembeni na kuufuta ufuo huu kwenye orodha ya Jumamosi. Kwa vijana watatu wanne wanaojiweza, siku nyingine, ndiyo.

Saa 1:30 usiku

Navua shati lenye chumvi, naongeza tabaka moja ya vanishi kwenye mbao mbili zitakazohitajika, kisha nampigia mwalimu.

"Madam, ni ghuba ya Malindi. Jumamosi maji yatakupwa saa sita na robo hivi, kwa hiyo mfike saa tano kasorobo tuanze yakiwa bado yanashuka. Saa nane tunamaliza. Waje na kofia na maji ya kunywa, jua la saa hizo halina huruma."

"Sawa fundi. Lakini hapo Malindi, maji ni ya buluu?"

"Madam, hayo maji hayawafiki hata kwenye kifundo."

"Kwa hiyo si ya buluu."

"Si ya buluu. Picha mtapiga Watamu Jumapili, nitawapa namba ya dereva."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbao ni ngapi. Nikamwambia sita, na kama yule msichana wa mlango wa kabati atakuja, tano.