Chokaa ya mjomba kwenye ukuta wa Leeds

Khanga ndiyo iliyonizindua. Doti niliyopewa na mama siku naondoka Unguja nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku nyuma ya kabati. Januari moja nikaitoa kwa ajili ya harusi, nikaikuta imegandana na kifuniko, pindo lote madoa meusi. Nikalivuta kabati. Ukuta ulikuwa umelowa chepechepe na kona nzima imeota ukungu.

Nyumba yetu hapa Leeds ni ya matofali mekundu, ya miaka ya 1890, imebanwa na majirani kulia na kushoto, kwa hiyo kuta zinazopigwa na baridi ni mbili tu, ya mbele na ya nyuma. Nyumba za Uingereza za umri huo nyingi hazina uwazi ndani ya ukuta. Zilizokuja baadaye zina kuta mbili zenye nafasi katikati, na hiyo nafasi unaweza kuijaza kitu cha kuzuia baridi. Ukitaka kujua yako ni ipi, yatazame matofali kwa nje: ukiona mengine yamelala kwa urefu na mengine yanaonyesha kichwa tu, basi kwa kawaida huo ni ukuta mmoja mnene, kama sentimita 23, na hakuna pa kujaza kitu. Utauvika nguo kwa nje au kwa ndani. Kwa nje sikuwa na pesa.

Kilichoniuma ni kwamba chumba hicho chenye kabati kilikuwa kimeshavikwa. Miaka minne nyuma alikuja fundi, akabandika bodi za jasi zenye povu la plastiki mgongoni, kwa madonge ya gundi, akamaliza siku moja. Nami nikamwandalia chai na maandazi. Nilipozibandua nikakuta kati ya bodi na ukuta pana nafasi ya kuingia kidole. Mvuke wa pumzi zetu, wa kupika, wa nguo tunazoanika ndani miezi sita ya mwaka, ulikuwa unapenya kwenye viungo na matundu ya soketi, unakutana na tofali la baridi na kugeuka maji. Povu halinywi maji, kwa hiyo yalikuwa hayana pa kwenda.

Chini ya ule uchafu kulikuwa na lipu ya zamani, ya kijivu, na ndani yake nywele. Nywele za mnyama kweli kweli, zinatokeza kama ndevu. Nikapiga picha nikamtumia mjomba, ambaye amekarabati nyumba za Mji Mkongwe maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hiyo chokaa hiyo. Nani kakwambia uiguse?"

Nikamweleza. Akaniuliza kwa nje matofali yameunganishwa kwa nini. Nikatoka na simu nikamwonyesha: saruji, mwenye nyumba aliyetangulia alijazia viungo vyote. Mjomba akaguna. Kwao wameona mara ngapi, nyumba ya mawe ya matumbawe imejengwa kwa chokaa, mtu anaipiga lipu ya saruji ipendeze, mwaka wa pili chumvi inatoka na lipu inaanguka vipande vipande. Ukuta wa zamani unakunywa maji na kuyatoa. Ukiuziba, anasema, umeufunga mdomo.

Kwa hiyo kazi ilianzia nje, na hapa ndipo ningemsihi mtu asiruke hatua. Gata lilikuwa limepasuka na kumwaga maji pale pale kwenye ile kona. Nikalibadilisha. Saruji ya kwenye viungo ikachongwa taratibu isivunje kingo za matofali, ikawekwa chokaa. Kisha nikauacha ukuta uchi kuanzia Mei hadi Septemba, ukauke. Mume wangu alilala sebuleni akinung'unika miezi yote hiyo.

Safari hii nilichagua bodi za nyuzi za mbao, zinazopitisha mvuke, unene wa milimita 60. Kwanza ukuta unasawazishwa kwa chokaa, halafu bodi inakandamizwa juu ya chokaa mbichi mpaka ishike kote, pasibaki hata upenyo mmoja nyuma yake. Zinaongezwa skrubu zenye vichwa vipana vya plastiki. Juu unapaka chokaa, unazamisha wavu, unasubiri ikauke, unapaka tena. Rangi nayo iwe ya kupitisha mvuke. Ile ya plastiki inaharibu kazi yote. Vifaa vya chumba kimoja vilinifikisha pauni 900 hivi, na fundi wa lipu pauni 600. Kazi ya kubandika bodi niliifanya mwenyewe na binti yangu. Chumba kimepungua kama sentimita 8, radieta na soketi zote zimesogezwa mbele.

Ungeweza kujiuliza kwa nini nisiweke bodi nene zaidi. Tatizo ni boriti za sakafu ya juu, ambazo ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta wa nje. Ukiuzuia ukuta joto kabisa, tofali linabaki baridi na lenye maji, na ncha za boriti zinaoza polepole bila mtu kuona. Kwenye mashavu ya dirisha, yaani unene wa ukuta unaolizunguka, nako nilitia bodi nyembamba ya milimita 20. Jambo dogo hilo wengi hulisahau, halafu ukungu unahamia hapo.

Nina kipimajoto cha kumulika. Zamani, chumba kikiwa digrii 18 na nje barafu, ukuta ulisoma 12, na nyuma ya kabati 9. Sasa unasoma 16, siku nyingine 17. Kabati nimeliacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na nguo naanika bafuni penye feni.

Mwaka huu ni zamu ya sebule. Nilipompigia mjomba kumwambia nimeagiza chokaa nyingine, akauliza mfuko bei gani. Nikamwambia pauni 15, kilo 25. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe ningekuja na tanuu langu la chokaa."