Jinsi tulivyopandisha hisabati ya darasa la saba baada ya kuacha mitihani ya kila wiki

Matokeo ya darasa la saba ya 2022 yalipotoka nilifungua kwenye simu nikiwa nimesimama dukani, nikarudi nyumbani bila kile nilichofuata. Watoto 58, hisabati A hakuna hata moja, wengi D, yaani kati ya 11 na 20 kwa 50, na E kibao. Hisabati nafundisha mimi, peke yangu, toka darasa la tano mpaka la saba, kwenye shule moja ya kijijini huku Singida, kwahiyo hapo hakuna wa kumsingizia.

Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora, watu wakadhani presha imeisha. Kwetu huku haikuisha, kikao cha kwanza tu cha walimu tukakubaliana mitihani kila Ijumaa, mzazi achangie kidogo ya karatasi, na mimi nilinyoosha mkono kuunga mkono, tena wa kwanza. Nikakusanya mitihani ya nyuma yote niliyoipata nikawa nawapa moja baada ya nyingine. Maksi zikapanda! Kufika Machi kuna watoto walikuwa wanagonga 35, 38, nikaanza kulala usingizi. Ukaja mtihani wa utamilifu wa wilaya, yaani mock, mwezi wa tano, tukarudi palepale.

Kumbe walikuwa wamekariri herufi. Swali la treni jibu ni C, la tangi la maji jibu ni A. Ukibadilisha namba tu umewapoteza.

Sasa hapo ndo nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya toka mwanzo. Nilichukua zile karatasi zao za utamilifu pamoja na karatasi za kufanyia kazi, nikakaa nazo wikiendi nzima, sikuangalia maksi, nikawa nafuata mtoto alifikaje kwenye jibu la kosa. Baraza lenyewe huwa linatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zipo kwenye tovuti yao bure kabisa, wanaeleza aliyechagua B alikosea wapi, aliyechagua D alikosea wapi. Nilikuwa nazisikia tu. Ukizisoma unaona watoto wako wamo humohumo.

Mfano MAGAZIJUTO. Tunawaimbisha mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, halafu mtoto akikutana na 12 − 5 + 3 anajumlisha kwanza 5 na 3 anapata 8, anatoa kwenye 12 anapata 4. Jibu ni 10. Hajakosea kwa uzembe, amefuata wimbo niliomfundisha mimi mwenyewe! Jumlisha na toa zina hadhi sawa, unaanzia kushoto, gawanya na zidisha hivohivo. Hilo nililirekebisha kwa siku mbili na nusu ya darasa ikapona.

La pili saa. Basi limeondoka saa 4:30 usiku limefika saa 2:15 asubuhi, limetumia muda gani? Wengi waliandika saa 2 na dakika 15, wametoa ndogo kwenye kubwa basi. Nikachora mstari ubaoni, hapa saa 4:30 usiku, hapa saa 12 alfajiri, hapa saa 2:15. Kutoka hapa mpaka hapa saa 7 na nusu, ongeza saa 2 na dakika 15, saa 9 na dakika 45. Binti mmoja akasema, "Kumbe mwalimu saa inaanza upya." Nikamwambia njoo uwaeleze wenzako, na aliwaeleza vizuri kunizidi.

Ila fungu kubwa la makosa kuliko yote ni mafumbo, yaani hesabu za maelezo, na hapa ndo nilipokwama. Mfanyabiashara amenunua kreti 6 za soda kwa sh. 60,000, akauza kila kreti sh. 12,000, faida ni ngapi? Wanatoa 12,000 kwenye 60,000 wanaandika 48,000. Nilimfuata madam wa darasa la pili, mama mtu mzima, amefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, miaka na miaka. Nikamwomba akae nyuma ya darasa awasikilize. Alipotoka akaniambia, "Mwanangu, hawa hawasomi, wanatamka." Akamwita mmoja, soma swali. Akasoma vizuri bila kukwama. Haya funga karatasi, niambie huyo mtu alifanya nini. Kimya.

Nilikuwa nafundisha hesabu kwa watoto ambao sentensi haiwaingii, miaka yote hiyo.

Tukaiomba ofisi, mitihani ya Ijumaa ikafutwa, mwalimu mkuu aligoma mwanzoni ila madam alimkalisha chini wakaelewana. Kila asubuhi dakika 30 mtoto anasoma fumbo, anafunga, anasimulia kwa maneno yake kama anamwambia mama yake, hakuna kukokotoa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu mno, wanaona aibu, wanacheka wenzao, mimi mwenyewe nikawa naona muda unapotea na Septemba ya mtihani hiyo inakuja. Wiki ya nne mtoto anasimulia halafu anakatisha mwenyewe, "aah, kumbe kila kreti!"

Kitu cha mwisho ni karatasi ya kujibia, ile ya kutia kivuli kwenye herufi ya jibu. Mtoto akiruka swali la 17 halafu kivuli cha la 18 akakiweka kwenye mstari wa 17, kuanzia hapo amekwisha hata kama anajua yote. Tulifanya mazoezi na penseli ya HB, kila baada ya maswali matano unasimama unahakikisha namba. Na yale matano ya mwisho, la 41 mpaka 45, ambayo hayana kuchagua na yana maksi mbili mbili, tukakubaliana hakuna kuacha wazi.

Matokeo yalipotoka mwishoni mwa mwaka A zilikuwa 4, C nyingi, E zikabaki 6. Wale sita nawajua kwa majina, watatu hata kutamka kulikuwa shida na mimi niliwapata wakiwa darasa la tano tayari. Saa hizi madam anakaa na darasa la tatu na la nne kila Jumanne na Alhamisi, na mimi naenda kukaa nyuma na daftari, maana anakaribia kustaafu na bado sijaiweza ile namna yake ya kunyamaza mpaka mtoto aongee.