Njaa Ninayoiomba

Kwaresima hii nimebadilisha maombi yangu ya usiku. Kwa miaka mingi nimemwomba Mungu amani ya moyo. Ni ombi jema na sijaliacha, ila siku hizi kabla yake natanguliza jingine: naomba njaa. Naomba ile njaa ambayo Bwana aliitaja pale mlimani, "Heri wenye njaa na kiu ya haki, maana hao watashibishwa."

Tangu Jumatano ya Majivu nimekaa na mstari huo, Mathayo 5:6. Bwana hakusema heri walio na haki ya kutosha. Heri aliwapa wale wanaojiona wamepungukiwa na hawawezi kutulia. Waliomsikiliza Galilaya hawakuhitaji kuelezwa njaa ni nini. Wengi waliishi maisha ya kijungujiko, kibarua akilipwa dinari moja kwa kutwa nzima. Ndiyo maana Torati ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri mpaka asubuhi, kwa kuwa jioni ileile nyumbani kulikuwa na watoto wanaosubiri kula. Kiu nayo waliijua. Nchi yao hukaa bila mvua takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, watu wakitegemea visima na maji waliyohifadhi. Kwa hiyo Bwana alipotaja njaa na kiu, hakuwa akisema juu ya hamu ya kitu kitamu baada ya chakula. Alisema juu ya kitu kinachomtoa mtu kitandani alfajiri akatafute.

Najua jibu ambalo sisi Walutheri tunaliweka karibu, kwa sababu nililikariri kipaimara kama wenzangu: tunahesabiwa haki bure, kwa neema, kwa njia ya imani. Naliamini kwa moyo wangu wote, na siku nikifa naomba nifie humo. Lakini nimesikia neema ikitajwa kama ruhusa ya kukaa, kana kwamba aliyehesabiwa haki hana tena sababu ya kuitamani. Mtume Paulo, aliyetufundisha habari hiyo kuliko wote, aliwaandikia Wafilipi, "Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu; la! Bali nakaza mwendo." Waliolea wanajua kwamba mtoto mchanga anayelilia ziwa ni mzima. Anayelala tu, akipewa ziwa hataki, ndiye anayebebwa haraka kupelekwa zahanati.

Juma hili nimeirudia pia habari ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa toba na wokovu makanisani, ambao wazee wetu walikuwa wakiusimulia kama jambo la jana. Mwaka 1928 na 1929 Rwanda ya mashariki ilipigwa na njaa kali, watu wakafa, wengine wakahama. Hospitali ya misheni ya Gahini, karibu na ziwa Muhazi, ilikuwa katikati ya mateso hayo, na daktari wake Mwingereza, Joe Church, alichoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari. Mmoja alikuwa ameacha kwao kwa ajili ya Injili. Bado kila mmoja aliona ukavu ndani yake, wakaambiana ukweli huo bila kuoneana haya, wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba.

Hapo ndipo mkutano ule unaponigusa. Ni watu wawili, Mzungu na Mwafrika, katika siku za ukoloni, wakikiri mmoja kwa mwingine kwamba wana njaa. Baadaye moto ulipowaka Gahini, na Kigezi kule Uganda, ukavuka Burundi, Kenya na Tanganyika yetu, alama yake mojawapo haikuwa sauti kubwa wala machozi, ingawa vyote vilikuwepo. Watu walirudisha vitu. Fedha zilirudi kwa waliodhulumiwa, vyombo na nguo vikarudi kwa wenyewe, wengine wakaenda kwa wakubwa wa serikali kulipa kodi walizokuwa wamezikwepa. Zakayo alifanya vivyo hivyo mbele ya Bwana kule Yeriko, akaahidi kurudisha mara nne.

Kwetu Uchagani, Kilimanjaro, jambo hilo lilikuwa na sura yake. Nilisimuliwa na bibi, mara nyingi tukiwa tunamenya ndizi, habari ya kihamba cha babu, yaani shamba la migomba la ukoo. Mpaka wetu na wa jirani ulipandwa masale, mmea wa majani marefu tunaowekea mipaka, kama ilivyo desturi. Mababu walikuwa wameyasogeza masale yale kidogo kidogo, vizazi viwili huko nyuma, na babu aliirithi ardhi ikiwa hivyo. Hakuna aliyekuwa hai wa kumshitaki. Babu alipookoka hakupata usingizi. Asubuhi moja alichuma jani la sale, akalipeleka kwa mzee jirani, na kila Mchaga anajua maana ya kuletewa sale mlangoni: mtu amekuja kuomba radhi, na si rahisi kumkataa. Wakaenda wote wawili na jembe, wakang'oa masale, wakayapanda upya pale ambapo wazee walikumbuka. Migomba kadhaa iliyokuwa ikizaa vizuri ikabaki upande wa jirani. Bibi alikuwa akilitaja hilo la migomba kila mara, na ndugu wa babu walimwona amerukwa na akili.

Nimemfikiria sana babu. Hakuna sheria iliyomlazimisha, wala mchungaji aliyemwekea kidole. Alitaka tu kitu kilichonyooka, akakitaka kuliko alivyoitaka ile migomba.

Huku nilikoolewa, hakuna ugomvi wa mipaka mwaka huu. Kuna ugomvi wa maji. Mfereji wetu ni wa zamani, ulichimbwa na mababu, unachukua maji mtoni kwenye banio na kuyashusha kihamba kwa kihamba kwa zamu. Kiangazi hiki maji yamepungua. Usiku watu wanafungulia nje ya zamu, na wanaoumia daima ni wa chini, maana wa juu hushiba kwanza. Yuko mama mmoja mjane kule chini, tunaimba naye kwaya. Maharage yake yamekauka yakiwa na maua. Jumapili anapiga magoti mbele ya Meza ya Bwana, na ubavuni mwake wamepiga magoti watu ambao usiku wa kuamkia Ijumaa maji ya zamu yake yaliishia kwao. Kisha tunasimama wote tunaimba.

Nabii Amosi aliambiwa na Mungu kwamba hataki kelele za nyimbo za namna hiyo. "Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Nimeusoma mstari huo tangu utotoni. Mwaka huu nausoma nikisikia mfereji ukipita nyuma ya jiko, na siwezi kuusoma kama zamani.

Kihamba chetu kiko juu. Mimi na baba watoto tunafuata zamu yetu, lakini kuna maji yanayovuja kutoka kwenye mlango wa maji wa jirani yanaingia migombani kwetu usiku, na hatujayaomba. Ni rahisi kuwa na kiu ya haki nikiwafikiria viongozi wala rushwa, au majirani wanaofungulia usiku. Kiu hiyo inaweza kuwa hasira tu iliyovaa nguo ya kanisani. Farisayo wa Luka 18 naye alichukia dhuluma. Alimshukuru Mungu kwamba yeye si mnyang'anyi. Najiuliza kama naitaka haki hata pale itakapopunguza maji ya migomba yangu. Ninapojibu ndiyo, najisikiliza kama sauti inatetemeka. Wakati mwingine inatetemeka. Ndipo narudi kwenye ombi langu la njaa, kwa sababu siwezi kujipa mwenyewe.

Jana usiku nilisoma mateso ya Bwana katika Yohana, nikafika aliposema msalabani, "Naona kiu." Nilikaa pale muda mrefu. Yeye ambaye Paulo anasema amefanywa kwetu haki kutoka kwa Mungu, alikufa akiwa na kiu. Hakutusimamia kiu yetu akiwa mbali. Na neno "watashibishwa" linaniambia kwamba anayeshibisha ni mwingine, si juhudi zangu wala kikao chochote. Nimelala nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea, huku ile njaa bado ipo. Sikujua kama viwili hivyo vinaweza kulala kitanda kimoja.

Kikao cha mfereji ni Jumamosi. Zamani mambo ya mfereji yalikuwa ya wanaume peke yao, siku hizi tunaingia, ingawa tunakaa nyuma. Nimeshazungumza na baba watoto. Tutaomba orodha ya zamu isomwe mbele ya watu wote, wa juu na wa chini, na zamu za usiku ziwe na watu wawili wa kuzisimamia, mmoja kutoka kila upande. Tutasema pia kuhusu yale maji yanayovuja yakaingia kwetu, tuseme sisi kabla hatujaulizwa. Mwenzangu ana wasiwasi kwamba jirani atakasirika, na huenda ni kweli. Nimemwomba twende kwake kwanza, Ijumaa jioni, tumweleze uso kwa uso. Masale yapo mengi pale mpakani.