Wateja wa Julai

Ikishaingia Juni, simu yangu haipoi. Mpunga wa Usangu umeshauzwa, viazi vya Uporoto vimeshapakiwa kwenye malori, hela ipo. Mvua zimekatika, kwa hiyo mabwawa yamechimbwa. Kilichobaki ni vifaranga vya sato, na hapo ndipo wanaponikuta mikono mitupu.

Sato si samaki wa baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi joto 22 hivi, jike haatami mayai. Yakienda chini ya 20, hata kula anakula kwa kusuasua. Kituo chetu cha kuzalisha vifaranga kiko Uyole, na Mbeya mjini hapa ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Julai alfajiri ukitumbukiza mkono kwenye tangi, vidole vinakufa ganzi. Chuoni nilisoma ukuzaji viumbe maji kuanzia yai mpaka soko, ila hakuna aliyetuambia kwamba mfugaji wa huku ana fedha katika miezi ambayo samaki hazai, na samaki anapochangamka kuzaa, kuanzia Oktoba, mfugaji yuko kwenye mbolea ya mahindi, na Januari inamsubiri na ada za watoto.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Igurusi na ndoo zake mbili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nifungie elfu moja.”

Nikamweleza hatuna. Akanyoosha kidole kwenye tangi la nyuma. “Na hao?”

Hao ni waliobaki tangu Mei, ambao hawakupitia dawa ya homoni ya kuwafanya madume, jike na dume wamechanganyika. Ningemuuzia, angeondoka na furaha yake. Lakini majike wale wanaanza kuzaa wakiwa wadogo kuliko kiganja. Kabla mwaka haujaisha bwawa linajaa samaki wa saizi ya dagaa wanaogombea chakula kimoja, na yeye anatangaza kijiji kizima kwamba ufugaji wa samaki ni utapeli. Nikakataa. Mwenye kituo aliposikia hakufurahi, na simlaumu: mishahara ya Julai inalipwa Julai.

Hiyo dawa nayo ina maneno yake. Wapo wanaouliza, kwa sauti ya chini, kama samaki wa homoni hawamalizi nguvu za kiume. Huwa nawajibu bila kuzunguka: kifaranga anapewa akiwa na siku chache tu, miligramu 60 kwenye kilo ya chakula, kwa wiki tatu mpaka nne, ili wengi wawe madume kwa sababu dume ndiye anayekua haraka. Akifika sahani yako imepita miezi mingi hajaigusa. Wengine wanaridhika, wengine wananunua kambale.

Kazi ninayoipenda hasa ni ya msimu wa joto, asubuhi ya kuvuna mayai. Tunavuta kile kizimba cha chandarua kinachoitwa “hapa”, wanamokaa samaki wazazi, mpaka wakusanyike upande mmoja. Unamshika jike kwa kitambaa kilicholowa, unamfungua mdomo taratibu juu ya beseni. Kama ameatamia, mayai yanamwagika kama punje za mtama. Ya njano ni ya juzi juzi. Yaliyoanza kuwa kahawia na kuonyesha vidoa viwili vya macho yanakaribia kutotoa. Kila rika linaenda kwenye chupa yake, maji yanapanda kutoka chini na kuyageuzageuza mchana na usiku, kama alivyokuwa akifanya mama kwa mdomo wake. Umeme ukikatika usiku, anayeamka ni mimi, sio mlinzi.

Kuhesabu ni kazi ya akina dada wawili ambao sijaona wanaowashinda. Wanachota kwa chujio la chai, wanahesabu chujio la kwanza kifaranga kimoja kimoja, yanayofuata wanakadiria kwa hilo. Mteja mbishi anaambiwa ahesabu mwenyewe. Akifika mia mbili anakubali.

Sasa, kuhusu huu Julai. Tumefunika matangi kwa kitalu cha nailoni. Mchana yanapata joto zuri, usiku linaondoka lote. Kuchemsha maji kwa umeme nimepiga hesabu, kifaranga kingeuzwa bei ya kuku. Kinachosaidia kweli ni kuwatenga majike na madume wakati wa baridi na kuwalisha vizuri, ili joto likirudi tukiwakutanisha waanze kwa pamoja. Kwa hiyo daftari la oda za Oktoba limeshajaa majina, na la yule mzee limo. Nimempa kazi ya kufanya kwanza: atie chokaa, atie samadi, maji yawe ya kijani, na azibe njia ya fisi maji upande wa mfereji. Ndoo azibakize nyumbani, tutamfungia kwenye mifuko yenye oksijeni.

Mwenye kituo ana wazo lake: tukodi eneo Kyela, kule chini kama mita 500 tu, tuzalishe huko miezi ya baridi na kuleta vifaranga huku juu wakishakomaa. Sikulipenda mwanzoni. Kyela nako Julai si mwezi wa neema, na kifaranga aliyezoea joto la kule ukimmwaga ghafla kwenye maji ya Uyole hafiki kesho. Lakini Igurusi na Chimala, ambako ni chini kuliko hapa, wangeweza kupokea. Ijumaa natelemka Kyela na kipimajoto, nikapime maji alfajiri kabla ya kuzungumza kodi na mtu yeyote.